Nilivyombeba Mama Mkwe Kwenye Theluji

Tangu nirudi, kila anayeingia kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Jules Street, Johannesburg, hata aliyekuja kupunguza suruali tu, anaanza na swali lile lile: ni kweli, Baba Neema, ulimbeba mama mkwe wako mgongoni? Kanisani habari imeshavimba. Wapo wanaosema tulilala pangoni, na mama mmoja wa kwaya aliniambia usoni kwamba amesikia nilimbeba kutoka Harrismith hadi Durban. Basi naandika mara moja jinsi ilivyokuwa. Mnaouliza msome, na mimi niendelee na cherehani yangu.

Malvern hadi Villiers

Wasiotoka kwetu lazima kwanza waelewe jambo moja. Kwetu, upande wa Uvira, mwanaume na mama wa mkewe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hakuna anayemwona mwenzake akitafuna, na neno likiwa la lazima linapita kwa mtu wa tatu. Mama Feza, mama wa mke wangu Riziki, alikuja kutoka Uvira kukaa nasi, na katika nyumba ya vyumba viwili heshima hiyo ilitaka akili. Mimi nilikuwa nakula kazini kabla ya kurudi. Akiwa sebuleni, niliingilia mlango wa jikoni. Neema, binti yetu aliyezaliwa hapa, alikuwa anatuangalia na kumwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba bibi na baba wamegombana. Hatukuwa tumegombana. Lakini ni kweli pia kwamba kwa miezi yote ile sikujua kama mama huyo ananipenda au ananivumilia tu.

Safari ya Durban ilitokana na simu. Dada mkubwa wa Mama Feza, Mama Yuliana, alikuwa anaishi huko. Vita viliwatenganisha: Yuliana alivuka ziwa akaishia kambini Tanzania, kisha huku kusini, mdogo wake akarudi nyumbani, na miaka ikapita bila kuonana. Mwezi wa tisa, binti ya Mama Yuliana, Anjela, alipiga simu akasema madaktari wamemruhusu mama yake kurudi nyumbani, na si kwa sababu amepona. Figo zimechoka. Kila asubuhi anauliza kama mdogo wake amefika.

Aliyepaswa kumpeleka ni Riziki. Usiku wa kuamkia safari mtoto wetu wa mwisho akavimba mashavu, matumbwitumbwi, na Riziki akabaki. Nilisema tuahirishe. Riziki akasema mama mkubwa hawezi kuahirisha. Akaongeza kwamba Nestori atakuwepo katikati yetu, kwa hiyo hakuna neno.

Nestori ni Mrundi, tunasali pamoja. Ana pikapu ya milango minne iliyofunikwa nyuma, na kila wiki anapeleka vyakula vya kwetu kwenye maduka ya Wakongo kule Durban: ndagala, unga wa muhogo, sombe, majani ya muhogo, ya kugandishwa, mawese. Tuliondoka kabla hapajapambazuka. Mama Feza alikaa kiti cha nyuma na thermos yake, amevaa vikwembe viwili, vitenge vya kwetu, sweta ya Riziki, na ndala juu ya soksi. Riziki alikuwa amemtolea viatu vya kufunika, akavikataa kwa sababu vinambana vidole. Sikuweza kusema kitu. Viatu vya mama mkwe si jambo la mkwe.

Mpaka Villiers mazungumzo yalikwenda hivi: nilimwomba Nestori amwulize Mama kama anasikia baridi, Nestori akageuka kidogo akamwuliza, Mama akamwambia Nestori anijibu kwamba hasikii. Tulikuwa tumebanana ndani ya gari moja na kila mmoja alisikia kila kitu. Nestori, ambaye kwao pia wana heshima za ukwe, aliifanya kazi hiyo bila kucheka, na namshukuru.

Pale Villiers, kwenye kituo cha mafuta, nilikula mkate na soseji nimesimama nje, upande wa choo, gari nimelipa mgongo. Upepo ulikuwa unakata. Kijana anayejaza mafuta aliniambia milimani kunatarajiwa theluji. Nikamwambia Nestori. Akaangalia mbingu, akasema mwezi wa tisa ni majira ya kuchipua, miti ya pichi imeshatoa maua, theluji gani tena. Mimi pia niliona hivyo.

Villiers hadi baada ya Harrismith

Mvua ilianza karibu na Warden. Ilikuwa mvua nzito yenye vipande vya barafu ndani yake, inagonga kioo kama mtama unaomwagwa. Tulipopita Harrismith vipande vililainika, vikawa vinashuka polepole, na kelele yote ikaisha. Nestori akapunguza mwendo.

Mama Feza aliuliza ni nini. Alimwuliza Nestori, lakini Nestori alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na hakujibu. Halafu nikasema, huku naangalia mbele, kama mtu anayesema peke yake, kwamba hiyo ndiyo theluji. Yeye naye akasema, kana kwamba anakisemesha kioo, kwamba alidhani ni kitu cha kwenye kalenda.

Ilikuwa nzuri mwanzoni, siwezi kukataa. Nyasi kavu zikafunikwa, waya za mashamba zikanenepa. Magari yaliyotutangulia yalipunguza mwendo, na watu wengine walishuka kujipiga picha. Nestori naye alishusha kioo akarekodi kidogo kwa simu. Tukasogea, tukasimama, tukasogea tena. Halafu hatukusogea kabisa. Mbele yetu, kwenye mwinuko unaoelekea Van Reenen, lori lilikuwa limeteleza na kulala kuziba njia, na nyuma yake kila gari lililojaribu kupanda lilirudi kinyumenyume. Nyuma yetu foleni ilikuwa imeshajifunga, hatukuweza hata kugeuza.

Barabara iliposimama

Mchana ukapita tukiwa pale. Nestori aliwasha injini kidogo tupate joto, akazima, akawasha tena. Theluji ilipanda ikafika katikati ya magurudumu. Mawese kwenye madumu nyuma yaliganda yakawa kama sabuni. Tulikuwa na gari zima la chakula na hakuna hata kimoja kinacholiwa bila moto, isipokuwa ndagala, na Nestori alitafuna wachache wakavu akakunja uso.

Anjela alipiga simu kutoka Durban. Nikampa Nestori ampe Mama. Sikusikia alichoambiwa, ila alisema neno moja tu, kwamba dada yake aendelee kungoja, na akairudisha simu kupitia mkono wa Nestori.

Baadaye kidogo baadhi ya wanaume walishuka kusukuma magari madogo yaliyoziba pembeni. Nestori akaenda kusaidia. Nilimwona akisukuma, nikamwona mguu unakwenda upande wake na mwili upande mwingine. Alianguka juu ya mkono. Tulipomwinua, kiganja kilikuwa kimekaa vibaya, na jasho lilimtoka katika baridi ile.

Gari moja kubwa la magurudumu ya minyororo lilikuwa linapita ukingoni likichukua wagonjwa, watoto na wazee kuwarudisha Harrismith. Likamchukua Nestori. Mtu wa usalama barabarani aliyekuja nalo akachungulia ndani ya pikapu, akamwona Mama Feza, akafungua mlango na kumwashiria atoke. Alikuwa amevaa sare na ana haraka. Aliongea Kiingereza cha kasi, akamshika mkono.

Mama Feza akaushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Baadaye alinieleza alichoelewa. Alikuwa ameshaona watu wenye sare wakimpeleka mtu mmoja, Nestori, na sasa wanamtaka yeye, mimi ninabaki. Kichwani mwake hiyo ilikuwa safari ya kurudishwa Kongo, na dada yake yuko mbele, si nyuma. Nilijaribu kumweleza, lakini Nestori hakuwepo, na maneno yangu yalikuwa yanatoka yamepinda, nikiongea na kiti badala ya kuongea naye. Nilisema kwamba wanaosafirishwa wanasaidiwa. Hakuniangalia. Yule mtu alisubiri kidogo, akatikisa kichwa, akafunga mlango. Walikuwepo watoto wa kuchukua. Gari likaondoka.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimebaki na mama mkwe wangu, sisi wawili, na mlima.

Nilihamia kiti cha dereva ili angalau nimpe kisogo vizuri. Nikawasha injini. Mshale wa mafuta ulikuwa umekaribia chini. Nikazima. Madirisha yakaingia ukungu wa pumzi zetu. Nikaanza kusikia meno yake yanagongana. Nikavua koti langu, nikalirusha nyuma bila kugeuka. Halikurudi.

Halafu akaniita. "Baba Neema."

Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kuniita kwa mdomo wake. Sikujua hata niitike vipi. Nikaitika "Mama."

"Miguu yangu siisikii," akasema.

Ndani ya lori

Nyuma yetu palikuwa na lori refu, na dereva wake alikuwa ameshapita mara mbili kutazama magari. Mwanaume wa makamo, Mzulu, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Niliposhuka nilikuwa nakwenda kumwomba msaada, lakini yeye ndiye aliyenikuta njiani. Jina lake Khumalo. Akaniuliza kama yule bibi kwenye gari ni mama yangu.

Kizulu changu ni cha dukani: urefu, upana, njoo kesho. Nikasema hapana, ni mama wa mke wangu, na nikaongeza neno letu, mkwe, sijui kwa nini.

Akasimama. "Umkhwekazi?"

Neno lao ni karibu sawa na letu, na kumbe hata shida ni ile ile. Khumalo hakuuliza zaidi. Alirudi kwenye lori lake, akatoa blanketi, akafunga kamba kutoka upande mmoja wa kabini hadi mwingine, akalitundika blanketi katikati kama pazia. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda chake cha safari. Mbele, viti viwili. Akasema Gogo, yaani bibi, atalala nyuma, sisi tutakaa mbele, na hakuna atakayemwona mwenzake. Kisha akaniangalia na kusema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba yeye mwenyewe hawezi kumpandisha, mgongo wake una chuma ndani tangu ajali ya zamani.

Ngazi za lori ni za juu. Nilirudi kwenye pikapu nikamweleza Mama Feza. Safari hii niliongea naye mwenyewe, nimegeuka, namwangalia kwenye kidevu. Akasema sawa. Nikamshika mkono, nikamtoa, na tulipofika kwenye ngazi nikamwinua kwa kiuno kama unavyoinua gunia ambalo hutaki lipasuke. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Alifumba macho mpaka alipokuwa ndani. Mimi pia, kwa kadiri ilivyowezekana.

Khumalo alikuwa na jiko dogo la gesi. Akachemsha maji, akatupa chai yenye sukari nyingi na kopo la samaki. Kikombe cha Mama nilikipitisha chini ya pazia. Mkono ukatoka, ukakichukua. Nilisikia akinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikugeuza kichwa, kwa sababu sikuwa na pa kukigeuzia. Nilikuwa nafurahi tu kwamba anameza.

Khumalo alizungumza habari za mke wake wa Estcourt na mbuzi wao. Nililala kidogo. Kila nilipoamka nilisikiliza nyuma ya pazia mpaka nisikie pumzi.

Kutoka barabarani hadi shambani

Kulipokucha theluji ilikuwa imeacha kuanguka, na magari madogo yalikuwa vilima tu. Pikapu ya Nestori niliitambua kwa waya wa redio. Gesi ya Khumalo ilikuwa imekwisha, dizeli yake ilikuwa inakaribia kuisha, na Mama Feza alikuwa ameacha kutetemeka. Nilidhani ni dalili nzuri. Khumalo akasema si nzuri. Nilimwita, akajibu polepole, kama mtu aliye chumba cha mbali. Akaniuliza kama tumeshafika kwa Yuliana.

Mtu alipita akigonga kwenye milango: kuna shamba upande wa kulia, mwenye shamba ameleta trekta mpaka kwenye geti, anawachukua watu kwenye banda la kunyolea kondoo ambako kuna moto. Geti lilionekana. Kwa siku ya kawaida ungefika kabla wimbo wa redio haujaisha. Lakini theluji ilifika magotini, na mama mkwe wangu alikuwa amevaa ndala.

Nilimvalisha soksi zangu juu ya soksi zake, nikafunga mifuko ya plastiki juu ya soksi, nikakaza kwa kamba za magunia ya unga. Miguu yake ilikuwa baridi na imevimba. Nilikuwa nafanya kama ninavyopima mteja, haraka na bila kuwaza ni mwili wa nani. Kisha nikachutama kwenye ngazi, nikampa mgongo.

Hakupanda. Alikaa pale akitazama mgongo wangu. Khumalo akageukia kule mlimani.

"Baba Neema," akasema, "hili likifanyika halifutiki kwa kunawa."

"Najua, Mama."

"Na baba wa watoto wangu alilifanya. Tulipokuwa tunakimbia, kwenye mto, alimbeba mama yangu. Mimi nilikuwa nyuma yao na sufuria kichwani." Akakaza koti langu mabegani. "Lilisawazishwa na wazee kwa maneno. Maneno yake Yuliana anayajua. Mimi sikuruhusiwa kusikiliza, kwa kuwa ndiye mdogo kati yetu."

Kisha nikasikia mikono yake shingoni.

Khumalo alitangulia na koleo, akivunja njia. Mimi nilifuata nyayo zake. Hatua za kwanza nilikuwa nawaza aibu: uso wake uko karibu na sikio langu, mikono yangu imeshika mapaja yake, na watu wa magari mengine wanatazama. Baada ya muda kidogo aibu ikaniacha, kwa sababu mwili ulitaka nguvu zote. Nilianguka mara moja, kwa magoti, yeye akiwa juu. Hakupiga kelele. Nilikuwa namwuliza maswali ili asilale: Yuliana anafananaje, nani alikuwa mtundu kati yenu, mama yenu alipika nini. Alijibu moja, akaacha mawili. Aliniambia Yuliana aliwahi kumsukuma ziwani kwa ajili ya kipande cha sabuni. Halafu akanyamaza, na kichwa chake kikawa kizito begani kwangu.

Hapo niliogopa kweli. Niliwaza jinsi nitakavyompigia Riziki, na sikupata sentensi ya kuanzia. Nikaanza kumwita kwa sauti, si Mama Feza, si Mama Mkwe. Nilimwita Mama, Mama, kama mtoto aliyepotea sokoni. Aliitika tulipofika kwenye trekta.

Kwenye banda la kondoo

Banda lilinuka sufu na moshi. Mwanamke wa Kisotho anayefanya kazi pale, anaitwa Disebo, alimpokea Mama, akamkalisha mbali kidogo na moto, akamvua ile mifuko na kuikumbatia miguu yake ndani ya blanketi akisema taratibu, taratibu. Tuliambiwa isikaribishwe kwenye moto haraka. Baada ya muda Mama alianza kulia kwa maumivu, na Disebo akafurahi, akasema damu inarudi.

Blanketi zilikuwa chache. Disebo alipozigawa, alituletea moja, akatufunika wote wawili mabegani, akatubana pamoja na kupiga mgongo wangu kwa upole. Alidhani sisi ni mtu na mkewe. Mimi nilitazama moto, Mama alitazama sakafu. Khumalo akaruka kutoka upande wa pili, akamweleza kwa Kisotho. Disebo akaweka mkono mdomoni, akacheka mpaka akakaa chini, na watu waliokuwa karibu wakacheka pia. Akatuletea gunia la sufu nijifunike mimi. Nililitumia lile gunia kwa shukrani kubwa kuliko blanketi lolote nililowahi kununua.

Chakula kilikuja katika beseni moja la bati kwa watu watatu: pap ngumu, yaani ugali, ambao kwetu tungeuita bugari, na mchuzi wa kondoo. Khumalo akanawa akaanza. Mimi nikasogea pembeni kama kawaida.

"Kula," Mama Feza akasema. "Ukianguka wewe, nani atanifikisha?"

Nikala. Alikula upande wake, mimi upande wangu, macho yetu kwenye beseni. Alimega mfupa wenye nyama, akausukuma upande wangu bila kuniangalia, kama anavyowafanyia wanangu.

Tulikaa pale mpaka siku iliyofuata. Mama alilala sana. Simu zilipopata chaji kwenye trekta, Anjela alikuwa ametuma ujumbe kwamba mama yake bado yupo. Ni maneno hayo tu, na nilimsomea Mama mwenyewe, ana kwa ana.

Kushuka hadi Durban

Barabara ilifunguliwa baada ya mashine kupita na kumwaga chumvi. Nestori alirudishwa kutoka Harrismith, mkono umefungwa plasta, amekasirika kwa sababu pikapu yake ilikuwa imekwanguliwa na mtu asiyejulikana. Khumalo alituchotea dizeli ya lori, tukamkumbusha kwamba pikapu yetu ni ya petroli. Akasema eish, akaimwaga tena kwenye tangi lake. Petroli tulipewa na yule mwenye shamba. Niliagana na Khumalo kwa kupeana mikono kwa namna yao, yenye kushikana mara tatu. Kwa Mama Feza alivua kofia tu, kwa mbali, akainama.

Mimi niliendesha. Nestori alikaa mbele na plasta yake. Tulipoanza kushuka upande wa Natal, theluji ikawa vipande vya kando, halafu madoa, halafu hakuna. Karibu na Pietermaritzburg miti ilikuwa ya kijani na joto likatufanya tushushe vioo. Nilimwomba Nestori amwulize Mama kama nifungue zaidi. Akajibu kupitia Nestori. Tulikuwa tumerudi mahali petu, lakini hatukuwa na uhakika kama tunaruhusiwa.

Mama Yuliana anaishi na Anjela kwenye fleti ya ghorofa ya tatu. Alikuwa amelala sebuleni, amekonda, miguu imejaa maji. Mama Feza aliingia na soksi zangu bado miguuni. Dada yake alimtazama muda mrefu, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba amezeeka vibaya. Mama Feza akamwuliza, na wewe je. Kisha Anjela akatutoa nje wanaume wote, na mlango ukafungwa.

Tulisikia kilio. Baadaye tukasikia wanabishana, nadhani ni habari ya sabuni. Baadaye kimya. Ndipo nikaitwa ndani.

Mama Feza alikuwa amemweleza yote. Mama Yuliana alinikalisha kwenye zulia, akaniuliza kama kweli nilimbeba, kutoka wapi, mpaka wapi, na kama nilimwangusha. Nikasema nilianguka mimi, yeye hakugusa chini. Alicheka, kicheko kikamletea kikohozi, Anjela akamshika. Alipotulia hakuwa anacheka tena. Alikaa wima kadiri alivyoweza, akavuta kikwembe begani.

"Leta kuku," akasema. "Awe hai, na asiwe mweupe."

Nilitoka na Nestori. Kwenye maduka makubwa kuku wote walikuwa wamegandishwa. Nilizunguka mpaka soko la karibu na stendi kubwa ya teksi, nikampata mama mwenye makreti ya kuku, nikachagua tetea mwekundu. Alinifungia ndani ya boksi la ndizi, na mlinzi wa fleti akatukataza kupanda naye. Nestori akamwonyesha plasta yake na kumwambia ni dawa ya mfupa. Tukapanda.

Mama Yuliana aliweka mkono mmoja juu ya kuku na mwingine juu ya kichwa changu. Mama Feza alikaa ng'ambo ya chumba. Maneno aliyosema dada yake kwa lugha ya nyumbani sitayaandika, si kwa sababu ni siri bali kwa sababu si yangu. Anjela aliruhusiwa kusikiliza. Mwishoni Mama Yuliana alimgeukia mdogo wake, akasema kwa Kiswahili ili hata Nestori aelewe.

"Ulipokuwa mgongoni kwake, huyu alikuwa mwanao. Uliposhuka, amekuwa mkwe wako tena. Asiwepo mtu wa kuwasema."

Kuku alipikwa jioni ile. Mama Feza alinipa paja kwa mkono wake, mara hiyo moja. Mama Yuliana alionja mchuzi kwa kijiko akasema chumvi haitoshi, ingawa chumvi ndiyo aliyokuwa amekatazwa.

Nilirudi Johannesburg na Nestori. Milima ilikuwa imekauka, kama hakuna kilichotokea. Mama Feza alibaki na dada yake.

Wiki chache baadaye nilikuwa hapa kibandani nimeinamia gauni la harusi, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Anjela, lakini sauti haikuwa yake.

"Baba Neema."

"Mama."

"Yuliana amepumzika asubuhi hii. Nilikuwa nimemshika." Nyuma yake nikasikia watu wanaanza kuimba. "Riziki sijamwambia. Mwambie wewe, kwa upole. Unajua namna ya kumwambia."

Nikazima cherehani, nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani kumwambia mke wangu.